Neno Nililomwambia Mtoto wa Watu

Assalaam alaykum, ndugu zangu, na mama zangu mlioko upande ule wa pazia, na nyinyi wanangu mnaoondoka wiki ijayo kwenda kuendesha magari ya watu. Mwenyekiti kaniomba niseme, na mimi nikamwomba kitu kimoja tu: anipe kiti kinachotazama mlango. Msinicheke. Mtu akiingia nyuma yangu bila hodi, mpaka leo naruka kitini. Hapa nilipo namwona kila anayeingia, kwa hiyo nitaweza kusema.

Sitataja jina la mtu yeyote. Wale watu wa Riyadh wana mtoto wao, sasa ameshakua, na hakunituma nije kumtangaza huku. Na msinionee huruma mapema. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha kila mtu na roho yake.

Mimi nilikwenda Arabuni nikiwa mtu mzima, mvi zimeshaanza. Nilifikia Jeddah, kule Karantina, chumba kimoja na Watanzania wenzangu, mpaka kafili, yule mwajiri aliyenidhamini, akanichukua nyumbani kwake Ruwais. Kazi yenyewe udereva. Kumpeleka madam sokoni, kwa dada yake, hospitali, na kumsubiri garini mpaka shati linagandana na kiti. Miaka minne sikuwahi kukwaruza gari la mtu. Wanawake waliporuhusiwa kuendesha, madam wangu alikuwa katika wale wa mwanzo kwenda kujifunza, akapata leseni, na asubuhi moja nikamwona anatoka getini mwenyewe, anacheka peke yake. Nikampigia makofi, wallahi, huku tumbo linaniuma. Nyinyi mmeona wapi dereva anapiga makofi kazi yake ikiondoka?

Bosi hakunifukuza. Alinihamishia Riyadh kwa mdogo wake. Huko nako mke wa nyumba alikuwa anakwenda ofisini na gari lake, basi mimi nikabakiwa na kazi moja, kumpeleka mtoto wao shule na kumrudisha. Mtoto wa kike, miaka saba. Kila safari alikaa kiti cha nyuma na dada wa kazi, Mkenya mmoja mpole sana, lakini akisema neno limesimama. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba: mtoto hapandi gari na dereva peke yao.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo kila mmoja humu ndani analijua. Babu akimwona mjukuu wake wa kike anamwitaje? Semeni. Mbona mmenyamaza? Haya, nasema mimi: anamwita mke wangu. Bibi naye anajitia wivu, anamwita mtoto mke mwenzangu, watu wanacheka, mtoto anapewa kipande cha muhogo, mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi aliyekuwa ananiita mume wangu na kunigombeza kuwa sileti kuni.

Mwaka ule binti yangu alijifungua, nikapata mjukuu wa kwanza, wa kike. Nilikuwa namwona kwenye simu tu, kavishwa kofia, kafumba macho. Moyo ulijaa utani na sikuwa na wa kumtania. Ndipo asubuhi moja, taa nyekundu imetushika, nikamtazama yule mtoto kwenye kioo cha ndani nikamwambia kwa Kiarabu changu cha barabarani: wewe ni mke wangu, ukikua nitakuja kukuoa.

Sikutafsiri vibaya. Msije mkasema mzee alikosea Kiarabu. Nilisema hivyo hasa, na mtoto akasikia hivyo hasa.

Nikaendelea. Kila siku, mwaka mzima. Akipanda gari, mke wangu umeamkaje. Akishuka, mke wangu usichelewe. Dada Mkenya alinikanya wiki ya kwanza, tukiwa tunashusha mizigo jikoni. Akaniambia, "Mzee, hiyo story ya mke wangu wachana nayo. Hapa si kwetu. Na huyu mtoto hapendi."

Nikamjibu, "Dada, nyinyi Wakenya hamjui utani."

"Utani tunajua," akasema. "Kwani mimi sina babu, guka wangu? Lakini hii, aki, inanipea wasiwasi."

Nikacheka. Mwanangu wewe uliyekaa pale mbele, usicheke. Mimi nilicheka hivyo hivyo.

Siku ya siku, mtoto alitoka mlangoni na mkoba wake, akafika kwenye gari, akasimama. Dada akamfungulia mlango. Mtoto akashika ukingo wa ukuta akaanza kulia, kilio cha kutetemeka, hataki kupanda. Mama yake akatoka, akachuchumaa, mtoto akamnong'oneza sikioni. Nikamwona yule mama anainua uso na kunitazama mimi. Mtazamo ule nimekuja nao mpaka hapa Tanga. Alimchukua mtoto akampeleka shule na gari lake, na mimi nikabaki nimeshika funguo.

Mchana bosi, baba wa mtoto, akanijia chumbani. Alisema neno moja tu, "Khalas," yaani basi, imekwisha, akanyoosha mkono nikampa funguo, akanyoosha tena nikampa simu. Jioni polisi wakaja.

Ile sheria yao mpya ya kuzuia unyanyasaji nilikuwa nimeiona, imebandikwa kwenye maduka makubwa, na nilikuwa nimesema moyoni kwamba hiyo ni ya vijana wanaofuata wasichana wa watu. Mimi babu mzima inanihusu nini? Sasa nimekaa mbele ya ofisa, kuna karatasi juu ya meza, na jina langu liko juu ya ile karatasi, naliona. Hewa ya chumba baridi, mimi nimelowa jasho. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ulimwambia mtoto kwamba ni mke wako?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Mdomo ulisema wenyewe. Nikasema, "Mafi." Hakuna. Sijasema.

Akaniuliza mara ya pili. Mafi. Akaniuliza kama mtoto ni mwongo. Nikainamia meza, na yeye akaandika.

Kwa nini nilikana? Kwa woga. Sina jibu jingine. Nilijua hilo neno likiwa kwenye karatasi ya polisi halifanani tena na lile la kwetu barazani. Nikafikiri nikilikana litakufa. Kumbe mtoto keshaulizwa na mama mmoja mtaalamu wa watoto, kaeleza taratibu, na dada Mkenya naye kaulizwa, na maneno yao yamelingana mpaka ile taa nyekundu. Mimi peke yangu ndiye ninayesema hakuna.

Mahakamani nikakana tena. Hakimu akasema jambo ambalo mkalimani alinipa polepole: kama ni mzaha, mwenye mzaha huusema. Anayeficha ana cha kuficha. Wakaniweka kwenye daraja lile zito, la watu wanaowawinda watoto. Hukumu miaka miwili, kisha kurudishwa kwetu, na ikatoka amri nyingine iliyonikata maini kuliko kifungo: hukumu itangazwe gazetini, na jina langu, na kosa langu. Gazeti siku hizi liko ndani ya simu. Linasomwa Riyadh asubuhi, na adhuhuri limeshafika Tanga kwenye makundi ya WhatsApp. Mawazoni nilimwona binti yangu anasoma, kabeba mtoto mkononi. Nikaambiwa nina siku thelathini za kukata rufaa.

Siku thelathini ndani ya gereza si siku. Ile hofu ilikuwa haina mahali pa kukaa. Chumbani mle watu wote wanaulizana kesi. Mimi nikisema ni ajali ya gari. Hata mke wangu, alipopatikana kwenye simu ya gereza mara ya kwanza, nilimwambia ni ajali ya gari. Nikikaa nasikia watu wanaongea Kiarabu cha haraka, nashika neno moja, mtoto, basi nahisi wameshajua, nahisi leo ndiyo leo. Mara nyingi walikuwa wanazungumzia watoto wao.

Kulikuwa na mfungwa mmoja hodari wa maneno, aliponibana nikamweleza. Akanipa mawaidha yake. Andika kwamba mtoto alifundishwa. Andika kwamba yule mfanyakazi wa ndani anakuchukia, ulimkatalia jambo fulani, basi anakulipizia. Ni mtoto na msichana wa kazi, nani atawaamini? Na mimi, ndugu zangu, sitawaficha, nilipenda. Nililala nikiipanga hiyo hadithi. Nikampa dada wa watu makosa asiyoyajua.

Aliyekuwa anatuandikia barua za mahakama ni mzee mmoja wa Kisudani, mwalimu, naye mfungwa kama sisi. Nikamwendea baada ya swala ya alasiri. Akakunja miguu, akaweka karatasi juu ya kitabu, akanisikiliza hadithi yangu yote ya uongo bila kuandika hata nukta. Nilipomaliza nikaona aibu, nikamweleza na ya kweli, ya utani wetu, ya babu na bibi na mke mwenza. Akatabasamu. Akasema kwao pia kuna wazee wa namna hiyo. Kisha akaniuliza swali moja.

"Yule mtoto, alicheka?"

Nikasema, "Ni mzaha, mwalimu."

"Nimesikia. Nakuuliza alicheka?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo, nikakumbuka. Mara ya kwanza hakucheka. Mara ya pili aliinua mkoba wake wa shule akaziba uso. Akawa kila asubuhi anaziba uso kwa mkoba. Baadaye akahama, akaacha kukaa katikati alikokuwa anapenda, akaenda kukaa nyuma ya kiti changu hasa, pale kioo hakimfikii. Na mimi nilifanya nini? Nikakigeuza kioo. Nikakisogeza kidogo kwa kidole mpaka nikamwona, nikamwambia, mke wangu unanikimbia?

Nililia mbele ya yule mzee mpaka akaniwekea kilemba chake mabegani. Miezi yote ile nilikuwa naogopa polisi, naogopa hakimu, naogopa gazeti. Siku ile nilifahamu kwamba kulikuwa na mwingine aliyekuwa anaogopa tangu zamani, ana miaka saba, na anayemtisha alikuwa mimi. Alikuwa anakaa nyuma yangu akingoja gari lifike.

Mwalimu akasema, "Nitaandika unachotaka. Ukitaka uongo utatafuta mkono mwingine."

Nikaomba simu. Nikampata mke wangu, nikamwambia yote, toka taa nyekundu mpaka gazeti. Nikasikia mjukuu analia nyuma yake.

"Ulimgusa?" akaniuliza.

"Wallahi sikumgusa. Sikuwahi hata kutoka kwenye kiti changu."

"Lakini ulimtisha."

"Ndiyo. Nilimtisha."

"Basi kaseme hivyo hivyo kwa hao mahakimu," akasema. "Wakikufunga, utafungwa na ukweli. Ukitoka kwa kumwita mtoto wa watu mwongo, nyumba hii sikufungulii." Akakata yeye.

Mnamwona yule pale ukingoni mwa pazia, mwenye kanga ya kijani? Haya, mama, usijifiche. Ni yeye.

Mwalimu akaandika. Sentensi ya kwanza nilimwambia mwenyewe: Mtoto hajasema uongo hata neno moja, mimi ndiye niliyesema uongo. Akaeleza utani wetu, akaeleza kwamba sikumgusa mtoto, sikumpa zawadi, sikuwahi kuwa naye peke yangu, na kwamba shahidi wa hayo yote ni yule yule dada aliyetoa ushahidi dhidi yangu. Akaomba wanitoe kwenye daraja lile zito na waizuie amri ya gazeti. Akaniambia ukweli pia. Akasema, umekiri sasa, wakitaka wanaweza kukuacha hapo hapo, na hutakuwa na pa kwenda. Nikaweka dole gumba.

Siku ya rufaa nilivishwa pingu za miguu. Mahakimu watatu. Bosi amekaa mstari wa mbele, hakunitazama. Wakasoma maneno ya dada Mkenya, na mkalimani akanitafsiria, na hapo nikajua nilivyotaka kumdhulumu. Alikuwa amesema nilimwita mtoto mke, na mtoto aliogopa, na alinikanya nikacheka. Na alikuwa amesema vilevile kwamba sikunyoosha mkono hata siku moja, na kwamba alikuwepo kila safari. Alisema hayo anakaa katika nyumba ile ile, anakula chakula chao. Angeweza kuongeza chumvi, au kunyamaza. Hakufanya mojawapo.

Hakimu wa katikati, mzee mwenye sauti ndogo, akaniuliza, "Kwenu, mwanamume anamwambia hivi binti wa mwenzake?"

Nikasema, "Babu anamwambia mjukuu wake."

"Mbele ya nani?"

Nikarudi nyuma hatua moja, pingu zikalia, watu wote wakasikia. Kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Utani wetu una watu wake. Baba yupo, mama yupo, bibi yupo kwenye jamvi, wote wanasikia na wote wanacheka, na mtoto anamkimbilia mama yake akitaka. Hakuna anayemtania mtoto wa mtu kwa siri ndani ya gari.

"Mbele ya wazazi wake," nikasema.

"Na wewe ulisema mbele ya wazazi wake?"

"Hapana, sheikh. Hata siku moja."

Akaandika. Nikasema moyoni, nimekwisha.

Wakatutoa nje. Nilikaa chini ukutani. Nilijaribu kusoma dua nikasahau katikati, mimi niliyesomeshwa madrasa hii hii. Walipoturudisha, mkalimani alianza na neno kwamba kosa limethibiti, na masikio yakaziba. Sikusikia yaliyofuata. Ilibidi anishike bega aniambie tena: kosa limebaki. Maneno yalisemwa na mtoto alidhurika. Lakini wameniondoa kwenye daraja la wawindaji wa watoto, kifungo kimepunguzwa hadi miezi minane, na sita nimeshakaa, na gazeti halipo. Nitarudishwa kwetu na sitakanyaga tena nchi ile. Nilikaa sakafuni pale pale, askari akaniacha.

Nilimwomba mkalimani amwambie bosi kwamba naomba radhi kwa mtoto. Bosi akasikiliza, akajibu kwa mkalimani, bado hanitazami: "Radhi yako asiletewe. Mwache asahau." Akaondoka. Nilitaka kusema zaidi nikajizuia. Ilikuwa haki yake, na lilikuwa jambo la mwisho nililoweza kumpa yule mtoto.

Miezi miwili iliyobaki nikaimaliza. Nikapitishwa Jeddah kwa sababu ya karatasi zangu za mwanzo, na dirishani kwenye gari la wafungwa nikaiona ile barabara niliyokuwa nampitisha madam wa kwanza. Magari mawili yalitupita, yanaendeshwa na wanawake. Nikafurahi, na safari hii tumbo halikuuma.

Nikafika nyumbani. Wanawake wa mtaa wakaja na vigelegele, mjukuu wangu kavishwa gauni jipya, ana miaka miwili, hajawahi kuniona. Shemeji yangu mmoja mwenye maneno akamsukuma mbele: "Haya babu, mkeo huyo hapo! Amekungoja! Mwite!"

Watu wote wakacheka, wananitazama niseme lile neno. Mtoto alikuwa anashika gauni lake kwa mikono miwili. Akaliinua, akaziba uso.

Ndugu zangu, nilisikia baridi ya kile chumba cha polisi mgongoni mwangu, katikati ya jua la Tanga. Nikasema, "Mwacheni." Shemeji akaona nimekasirika, vigelegele vikanyamaza. Mke wangu peke yake alijua.

Nikaenda kukaa kwenye jamvi, mbali naye kidogo, nikatazama pembeni. Sikumwita. Tulikaa hivyo mpaka chai ikaja.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mwalimu wa Kisudani, popote alipo, Mungu amfungulie. Namshukuru dada wa Kenya aliyesema kweli yote, ile iliyonifunga na ile iliyonitoa. Namshukuru mwenye kanga ya kijani. Na yule mtoto wa Riyadh simtumii shukrani wala salamu, namwombea tu asinikumbuke.

Nyinyi mnaokwenda, mtafundishwa ikama, kile kibali cha kuishi kule, mtafundishwa barabara. Mimi nawaombeni hili: mtoto hana lazima ya kusema sitaki. Akiziba uso, keshasema. Acheni hapo hapo, na mkiulizwa mlichosema, semeni mlichosema.

Mnataka kujua ya mjukuu? Chai ilipokwisha, nikahisi kitu kimegusa mkono wangu. Ni yeye, kaja mwenyewe, kashika kidole. Nikamuuliza, taratibu, anaitwa nani. Akaniambia jina lake. Mpaka leo ndilo ninalomwita.